Kijiti Kilichosema Shemeji Amefunga

Bibi yangu mzaa mama alikuwa fundi wa mikeka, na ukali wake wote ulikuwa kwenye chungu cha rangi. Anachemsha maji, anatia unga wa rangi alionunua dukani kwa Mhindi kule Bagamoyo mjini, anatumbukiza ukindu, kisha anajitia tambuu mdomoni. Saa yake ilikuwa ile tambuu. Ikiwa bado inauma ulimi, ukindu unakaa. Ikishapoa, ukindu unatoka. Hakuna aliyewahi kumwona akikosea.

Siku moja akaenda kumpongeza jirani aliyejifungua, akaniachia chungu cha zambarau. "Usiutoe mpaka nirudi," akasema. Mie nilikuwa katika umri wa kung'oka meno ya mbele. Nikaona na mie nitafute saa yangu ya kutafuna, nikachukua kipande cha muwa. Sasa muwa na tambuu si ndugu. Muwa wa mtoto mwenye njaa hauchukui muda. Nilipotema kapi la mwisho nikauopoa ukindu, nikauanika kwenye kamba, nikasimama pembeni kama fundi.

Bibi aliporudi aliutazama, wala hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Ulikuwa na rangi ya shati jeupe lililofuliwa pamoja na kanga mpya. Akausuka hivyo hivyo, ukawa mkeka mzima, akautandika pale wanapokaa wageni. Mgeni akiuliza, "Bibi Mwajuma, rangi gani hii?" yeye anajibu, "Hiyo ni rangi ya Salumu." Mkeka ule uliishi kuliko baadhi ya wageni wenyewe. Nyumbani kwetu wali ukiwa na kiini ni rangi ya Salumu. Chokaa ikiishia nusu ya ukuta ni rangi ya Salumu. Nimeoa, nimezaa, shangazi zangu wanasema bado.

Nyinyi vijana mnaoanza kazi za hospitali mtauliza mkeka unahusiana nini na mkojo. Subirini. Mzee akisimulia usimkimbize. Atasahau alikokuwa anakwenda, na wewe utakuwa umekosa vyote viwili.

Shule niliiacha darasa la nne, nayo haikunililia. Zahanati yetu, huku nyuma ya Mlingotini, ilinichukua nifagie. Kijiji chenyewe sikitaji kwa sababu wahusika bado wanatembea. Nilifagia, nikachota maji, nikabeba wagonjwa mgongoni, hadi siku moja nikajikuta naitwa mhudumu na nimepewa koti. Mjukuu wangu Zuhura yuko chuo cha uuguzi sasa. Ndiye aliyesema niandike haya, maana akiwasimulia wenzake bwenini wanacheka, naye anataka wacheke na kujifunza pia.

Siku walipoleta lile kopo la vijiti vya kupimia mkojo, wenzangu waliogopa maandishi ya Kiingereza. Mie nikatazama ubavuni mwa kopo nikaona limechorwa viraba vya rangi, safu kwa safu: kijani hiki kikizidi kinakuwa hudhurungi, weupe huu wa maziwa ukizidi unakuwa zambarau. Nikasema moyoni, haya sasa ni mambo yangu. Kusoma sijui sana, lakini rangi nimezilipia kwa aibu ya miaka.

Aliyenifundisha ni Sista Veronika, mkunga wetu, mtu wa Songea, Mkristo, mwenye sauti ya chini kama mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Hakunigombeza hata mara moja, na ningemlipa anigombeze. Alikuwa anauliza swali tu, kisha anakuacha nalo.

Alinifundisha hivi. Chukua kijiti kimoja, funga kopo hapohapo, usiseme nitafunga baadaye. Chovya viraba vyote, toa mara moja, futa ubavu wa kijiti kwenye ukingo wa kikopo ili matone yabaki. Kishike kimelala, usikisimamishe kama mshumaa, maana rangi ya juu itachuruzikia ya chini na wewe utampa mtu ugonjwa wa jirani yake. Somea penye mwanga wa mchana. Na kila kiraba kina saa yake.

Kuhusu kufunga kopo sikusikia vizuri. Ndani mlikuwa na kipakiti kidogo kama cha chumvi, nikakiona uchafu, nikakitupa. Kopo lenyewe niliona lina joto ndani, nikaliacha wazi dirishani lipate hewa. Hewa yetu ya pwani mnaijua, inakula bawaba za chuma, itashindwa na karatasi? Baada ya wiki kila niliyempima kiraba kimoja kinageuka waridi, maana yake mkojo una maambukizi. Mwalimu mkuu ana maambukizi. Mama wa vitumbua ana maambukizi. Nikajipima mwenyewe, nikawa namba tisa. Nikamwambia Sista kijiji kimevamiwa.

Akatoka nje, akarudi na kikopo. "Pima na huyu," akasema.

Nikapima. Waridi. "Huyu naye anao, Sista. Ni nani?"

"Kisima."

Akaniacha nalo. Basi hilo moja mlishike: kipimo kikiwaona wote wagonjwa, mshuku kipimo kwanza.

Jingine ni vyombo. Kwetu mtu haleti mkojo. Mkojo ni neno la kukosana. Analeta "ile amana". Amana inakuja ndani ya chupa ya marashi, imefungwa kanga, imewekwa chini ya kikapu, juu yake mchicha. Halafu huwezi kuidai. Lazima kwanza, "Shikamoo dokta," "Marahaba, za nyumbani?" "Njema, sijui kwako," "Kwangu kwema, mzee hajambo?" mpaka mmefika kwa mbuzi na mmemaliza mbuzi, na amana imeshapoa humo ndani. Bibi mmoja alileta kwenye chupa ya asali, kaisuuza kwa haraka. Sukari yake ilinifanya nikae chini. Sista akampa kikopo chetu, bibi akaenda msalani, akarudi, sukari hakuna. Kikopo cha zahanati, mkojo wa saa ileile. Msidanganywe na chupa nzuri.

Sasa ile saa ya viraba. Saa ya ukutani ilikuwa haina betri tangu ilipoletwa. Nikaanza kuhesabu kwa kusoma Alhamdu, urefu wake unatosha kiraba cha sukari. Imamu wetu aliposikia akaniita pembeni: "Salumu, maneno matukufu juu ya haja ndogo?" Nikaona haya. Ndipo nikatunga hesabu yangu ya vituo vya barabara. Unataja Bunju, unavuta pumzi tatu. Mapinga, pumzi tatu. Ukifika Kerege soma sukari. Zinga soma ketoni. Kiromo pita. Bagamoyo soma protini. Seli nyeupe zina maringo, hizo ugeuze gari urudi mpaka Bunju. Nyinyi mna simu zenye kulia, lakini simu huishiwa chaji. Barabara ya Bagamoyo haiishi.

Ketoni ndiyo iliyoniponza.

Alikuja mja mzito aliyekuwa akitapika siku tatu, hata maji hayakai. Kiraba cha ketoni kikageuka zambarau. Sista akanieleza: "Mwili ukikosa chakula unaanza kula mafuta yake wenyewe, na moshi wake unatokea hapa. Utaona kwa mja mzito anayetapika, kwa mtu mwenye njaa ya muda mrefu, hata kwa aliyefunga. Na wengine, nitakueleza." Pale pale akaitwa, kuna mtoto anatoka. Wale "wengine" wakabaki mdomoni mwake. Mie sikumkumbusha. Nilikuwa nimeshachukua nilichokipenda: zambarau ni saumu.

Ramadhani ilipoingia, siku ya tano hivi, nikajipima saa kumi alasiri. Zambarau hafifu. Nikafurahi sana. Nani mwingine kijijini alikuwa na ushahidi wa saumu yake? Jioni hiyo kwenye kahawa baada ya futari nikawaambia watu wote. Wengine walicheka, wengine wakanyamaza. Wale walionyamaza ndio waliopaswa kunitia shaka.

Kesho yake Sista akaitwa semina ya siku tatu huko Chalinze. Tabibu alikuwa likizo. Nikabaki na maagizo: funga vidonda, pima joto, jambo kubwa peleka hospitali mjini. Mchana huo akaja mdogo wangu Mwanahawa, mke wa Kondo.

Kondo alikuwa mwadhini wa msikiti wetu. Sauti yake ilifika mashambani bila kipaza sauti, na alipewa kipaza sauti. Ramadhani akishaadhini alikuwa na tabia ya kuongeza maneno mawili matatu kuhusu wale wanaokula nyuma ya milango. Sisi pwani mtu huyo tunamwita kobe, anaingiza kichwa ndani anatafuna, akitoka nje uso wa pole. Kondo aliwachukia makobe kama panya.

"Kaka, naomba unisikilize na usicheke," Mwanahawa akasema.

"Sicheki."

"Mume wangu ni kobe."

Nikacheka.

"Mtungi unanipungukia mchana," akasema. "Asubuhi nachora alama ya mkaa kwa ndani, penye maji. Alasiri maji yako chini vidole vinne."

"Labda unavuja."

"Unavujia tumboni kwake."

"Mwanahawa, ogopa Mungu. Mtu mwenyewe amekonda namna ile. Watu wote wanasema ni ibada."

"Ibada gani ya kwenda chooni mara saba kabla ya adhuhuri? Mtu aliyefunga anakojoa nini?"

Wajukuu zangu, swali lile lilikuwa ugonjwa mzima umewekwa mezani na kijiko chake. Kiu, kukonda, kwenda chooni. Leo Zuhura angelitambua akiwa amesinzia. Mie nikalipita kama kuku anavyopita kitabu.

Mwanahawa hakuwa anatania. Alikuwa anaamka kila siku kumpikia daku mtu yule, na alisema akipata hakika anarudi nyumbani kwetu, na njiani atapita msikitini kumweleza imamu mbele za watu. Ndoa ya miaka ishirini na mitano. Nikasema, "Usiende kwa imamu. Kipimo kipo."

Kondo akaja saa kumi, kanzu safi, midomo imekauka. Akasimama mlangoni kama aliyeitwa na hakimu.

"Shemeji, nasikia hicho kijiti kinaonesha kila kitu."

"Kila kitu."

"Hata jana?"

"Leo tu."

Akautazama mlango, akautazama uso wa mke wake aliyekaa benchi, akachukua kikopo. Mwanaume mwingine umri wetu anakaa msalani huko anasubiri, anapiga mluzi. Kondo alirudi upesi, kikopo kimejaa hadi ukingoni, akauliza kama nataka kingine. Hilo nalo nikalipita.

Nikachovya. Bunju. Mapinga. Kerege. Kiraba cha sukari kilitoka kijani kikaenda hudhurungi, hudhurungi ya haluwa. Nilikiona. Sitawadanganya nikasema sikukiona, mwanga ulikuwepo na macho ninayo. Nikasema moyoni, tende za daku. Nikaendelea na safari. Zinga. Ketoni ikawa zambarau ambayo hata bibi yangu angeikubali, zambarau ya kuuzia.

"Shemeji," nikasema, "umefunga."

"Nimefunga?"

"Umefunga kuliko sisi wote."

"Una hakika?"

"Kijiti hakina shemeji."

Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa kitu ambacho hakukipoteza. Mwanahawa akainuka, akaomba radhi pale pale mbele yangu, na Kondo akamwambia nimekusamehe. Nilimwonea fahari. Nikaandika kwenye daftari: Kondo, ketoni nyingi, sukari nyingi, protini hakuna. Kuandika nilikuwa naandika yote. Sista alinizoesha hivyo, na hilo ndilo pekee nililolifanya sawa siku ile.

Radhi ya Mwanahawa haikuishia mdomoni. Jioni hiyo alimwandalia mumewe futari ya maharusi: kaimati zinaogelea kwenye shira, tambi za sukari, uji mtamu, maji ya miwa jagi zima. Na kesho yake tena. Alikuwa anamuua kwa mapenzi na mie ndiye niliyemkabidhi kijiko.

Kondo mwenyewe akanitangaza kwenye kipaza sauti. Baada ya adhana akasema mwenye shaka na saumu ya mtu aende zahanati, kuna mtaalamu. Asubuhi nikakuta wanawake kumi na mmoja wamekaa kwenye benchi, kila mmoja na amana ya mumewe. Nikapewa jina, Dokta Zambarau. Sitaki kusema nililipenda, lakini nilianza kutembea polepole.

Tena nilidhulumu. Kuna mzee anayeuza nazi, mnene, mtu wa dini kwelikweli, kiraba chake kilibaki cheupe kabisa kwa sababu anakula daku ya kushiba na mwili wake una akiba. Mkewe alimnyima futari siku mbili. Alikuwa anafungulia kwa nazi zake mwenyewe. Nimeshamwomba msamaha mara nne, kila mara anasema yamekwisha, na kila mara ananiuzia nazi kavu.

Siku ya nne mchana Sista Veronika akarudi. Akakuta benchi limejaa.

"Hawa ni wa kliniki?"

"Hapana, Sista. Wamekuja kuthibitisha waume."

Hakuuliza zaidi. Akavuta daftari, akafungua, akashuka na kidole. Kidole kikasimama.

"Kondo. Ketoni nyingi, sukari nyingi. Hii ya lini?"

"Siku ile uliyoondoka."

"Ukafanya nini?"

"Nikampongeza."

Yule mama hakuwahi kuinua sauti na wala siku ile hakuinua. Alichukua mkoba wake, akaanza kutembea, na mie nyuma. Njiani akanieleza kama anayenitajia bei ya mchele. Sukari imejaa kwenye damu yake, lakini mwili umeshindwa kuitumia. Umekaa sokoni una njaa, unakula mafuta yake wenyewe, na moshi wake ni sumu. Unajaribu kuitoa sukari kwa mkojo, ndiyo maana ya chooni, ndiyo maana ya kiu. "Nilisema kuna wengine, nitakueleza," akasema. "Ndio hawa. Kosa hilo ni letu wawili."

Yeye alijigawia nusu. Mie nilijua hesabu haiko hivyo.

Tukamkuta kwenye baraza ya msikiti, adhuhuri imekwisha, amelala ubavu, anahema kwa nguvu kama aliyebeba gunia na hajalitua. Wazee wamemzunguka. Tulipokaribia nikasikia harufu inatoka kinywani mwake, tamu, ya papai lililoiva mno. Mzee mmoja akaniambia kwa unyenyekevu, "Umenusa, Salumu? Hiyo ndiyo harufu ya mfungaji. Tumekaa hapa tunapata baraka." Sista alinusa mara moja tu, uso ukabadilika.

"Bwana Kondo, unakunywa maji sasa hivi, kisha tunakwenda hospitali."

"Mgonjwa ana ruhusa," imamu akasema haraka. "Atalipa siku nyingine. Mleteeni maji."

Kila mtu alikubali. Hapakuwa na hata mmoja wa kumlaumu. Kondo akainua kidole kimoja.

"Sifungui. Zimebaki saa nne."

Wazee wakaguna kwa heshima. Mmoja akafuta macho. Ndipo nilipoona nilichokifanya. Nilikuwa nimempandisha mtu juu ya mnazi, na watu wote wako chini wanamshangilia, hana pa kushukia. Nikapiga magoti, nikaweka sikio mdomoni kwake.

"Shemeji, kunywa. Una ruhusa."

"Nilishakunywa," akanong'ona. "Asubuhi. Kata tano. Na andazi."

"Basi kunywa tena."

"Mbele yao? Mie? Baada ya yote niliyoyasema kwenye kipaza sauti?"

"Usipokunywa utakufa."

"Nikinywa nitakufa vilevile, ila nitakuwa naishi."

Sista alishafungua chupa yake ya maji, Kondo ameuma meno. Akili ilianza kumpotea, macho yanapanda juu. Nikasimama nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Jamani, kijiti hakijui saumu. Kijiti kilisema mtu huyu anaumwa, mie nikakiwekea maneno mdomoni. Majibu yote niliyowapa wake zenu, yafuteni." Wazee wakanitazama kama aliyetukana. Mmoja akasema huyu Salumu kaona wivu.

Nani aliyemwita Mwanahawa sijui. Alitokea kwenye ngazi na kata ya maji mkononi, maji yanamwagikia kanga, akapita katikati ya wanaume bila hodi, akakaa chini, akamwinua mumewe kichwa akakilaza mapajani.

"Kunywa."

Kondo akatikisa kichwa.

"Kunywa kama ulivyokunywa asubuhi. Unafikiri niliacha kuchora mkaa? Nimechora jana, nimechora leo. Kaka yangu na kijiti chake nimewaheshimu tu. Maji ya mtungi wangu nayajua."

Kondo akafumbua macho, akamtazama mkewe.

"Na ukaendelea kunipikia kaimati?"

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Sasa nimechoka kungoja. Kunywa, mume wangu, si mara ya kwanza."

Akanywa. Alikunywa ile kata bila kupumua, akaomba nyingine, akaomba ya tatu. Imamu alikuwa anatazama paa la msikiti kana kwamba limeanza kuvuja leo, akarudia polepole, "Mgonjwa ana ruhusa. Tena alikuwa nayo tangu siku ya kwanza, ila hakujua." Mungu amweke imamu yule. Kwa maneno hayo aliokoa nyumba mbili, ya Kondo na ile ya Mungu.

Tulimpakia kwenye bajaji, Sista kamshika upande huu, Mwanahawa upande ule, mie nimening'inia nyuma na viatu vyake. Hospitali wakamtundikia dripu, wakamchoma insulini. Daktari kijana, nafikiri anamzidi Zuhura miaka michache tu, akauliza nani aliyepima mkojo kule kijijini. Nikasema mimi. Akauliza kwa nini sikumleta siku ileile. Sista akafungua mdomo kunitetea. Nikamwahi, nikasema, "Niliona sukari, nikadhani ni tende." Yule daktari aliandika jambo refu. Sijui ni nini, ilikuwa Kiingereza, na safari hii hapakuwa na rangi ubavuni.

Kwa hiyo nikiwaambia soma viraba vyote, sisemi kwa sababu imeandikwa. Kiraba kimoja kitakwambia unachotaka kusikia. Cha jirani yake ndicho kitakachokwambia uongo uko wapi. Na mtu akikwambia "wengine nitakueleza," mfuate hata chumba cha kujifungulia, usimame nje ya mlango, umngoje akueleze.

Kondo alikaa hospitali mpaka Idi ikapita. Aliporudi kijijini hakuna aliyemcheka. Nafikiri hilo lilimuuma, kwa sababu alikuwa amejiandaa. Msikitini walimrudishia adhana yake, akaadhini vizuri kama zamani, ila yale maneno mawili matatu ya nyongeza hakuyaongeza tena. Makobe walipumua.

Mwezi uliofuata akaja zahanati siku ya kliniki ya sukari. Ilikuwa asubuhi, foleni ndefu. Nilikuwa nimemwekea kikopo kipya na kijiti kimoja tayari, kopo nimelifunga. Tukasalimiana vizuri, akaniuliza watoto, nikamuuliza afya yake, tukamaliza na mbuzi. Akakaa. Akakichukua kile kijiti mezani, akakigeuza mwangani.

"Hiki ndicho kilichosema nimefunga?"

"Ndugu yake hicho."

"Na ndicho kilichosema naumwa?"

"Ndicho."

"Siku ileile."

"Siku ileile, shemeji. Kwa pamoja."

"Na wewe ulikuwa umekishika."

"Nilikuwa nimekishika."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeuliza njia akaelekezwa. Akakilaza kijiti pale alipokichukua, akakifunika kikopo kwa kifuniko chake, kitupu, akakisogeza upande wangu kwa kidole kimoja. Akaweka kofia sawa. Akapita mbele ya foleni, akamwamkia bibi mmoja aliyekuwa mwisho wa benchi, akatoka, akashika njia ya Mapinga. Huko ndiko anakochukulia dawa mpaka leo, mbali kote kule, na mlango ule hakuingia tena.